Maji ya chemchemi yanatoka wapi na nini kinayafanya yabaki safi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanakuja sana, hasa kutoka Moshi, Arusha na Mombasa, kwa hiyo yamejibiwa hapa yote kwa pamoja. Ukikuta jibu refu ujue hapo ndipo watu wanapoumia.

Hivi maji ya chemchemi yanatoka wapi hasa?

Yanatoka kwenye mvua. Watu wengi wanaamini huko chini kuna maji yaliyokuwepo tangu dunia iumbwe na yanajisukuma yenyewe kuja juu, hapana. Chukua chemchemi za Shiri na Nsere zinazolisha mabomba ya Moshi mjini, yale ni maji ya mvua iliyonyesha juu ya mlima Kilimanjaro, ikazama kwenye udongo wa msitu, ikaingia kwenye nyufa za miamba ya volkano, ikatembea chini kwa chini mpaka ikakutana na tabaka gumu lisilopitisha maji, hapo ikakosa pa kwenda ikatafuta upenyo ikatokeza nje. Chemka nayo, ile ya karibu na Boma Ng'ombe ambayo watu wanaenda kuogelea wikiendi kwenye maji ya bluu chini ya mikuyu, ni habari ile ile, na maji yake yanaingia mto Kikuletwa, Kikuletwa unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu unakuwa mto Pangani mpaka baharini. Kwa hiyo mvua moja ya Kilimanjaro inanywewa na watu wengi sana kabla haijafika bahari.

Kwani si barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ndio inayoyeyuka inatuletea maji?

Hapana, na hili ni muhimu kulielewa kwa sababu picha ya Kibo ipo kwenye kila kitu mpaka watu wamesahau msitu. Kule kileleni mvua ni kidogo mno, ni kama jangwa lenye baridi. Mvua kubwa inanyesha kwenye mkanda wa msitu, upande wa kusini kwenye kama mita 2,200 juu ya usawa wa bahari mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na huko ndiko maji mengi yanapoingia ardhini. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa karibu asilimia 85 kati ya mwaka 1912 na 2007, sasa ingekuwa chemchemi zinategemea barafu si zingekuwa zimekauka karibu zote.

Msitu unafanya kazi mbili. Kwanza unapokea mvua taratibu, majani na udongo mlaini vinaifanya izame badala ya kuporomoka na kubeba tope. Pili kule juu miti iliyofunikwa na ndevu za kuvu na vimea vidogo laini inakamata ukungu, ukungu unageuka matone, matone yanadondoka chini, na hayo ni maji ambayo kipimo cha mvua hakiyahesabu. Moto ukipita ukaunguza miti ile ya juu unapoteza maji hayo yote, ndio maana moto mlimani unatuumiza sisi wa chini kuliko hata barafu kuisha. Serikali iliingiza msitu wote wa hifadhi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na kwa mtu anayekunywa maji Moshi ule ni uamuzi mkubwa sana.

Sisi wa Mombasa twaambiwa maji yetu yatoka Mzima, na Mzima kuna viboko na mamba. Sasa usafi watoka wapi?

Ni kweli sehemu ya maji ya Mombasa yanatoka Mzima Springs ndani ya Tsavo West, bomba lilijengwa miaka ya 1950 na ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Ila maji yenyewe hayaanzii Mzima. Yanaanzia vilima vya Chyulu, kama kilomita 50 kutoka hapo. Chyulu ni majivu ya volkano na mawe ya lava yenye matundu matundu, mvua ikinyesha inamezwa papo hapo, mpaka huko juu hakuna hata mto mmoja unaotiririka. Inakadiriwa maji yanaweza kukaa chini ya ardhi hata miaka 25 kabla hayajatokeza Mzima, na yakitokea yanatoka mengi, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, meupe kiasi kwamba wamejenga chumba cha kioo chini ya maji watu wakae watazame samaki na viboko.

Viboko na mamba wanakaa kwenye madimbwi baada ya maji kutoka nje. Yanapotokeza tu kwenye jiwe bado ni safi, yakishakaa kwenye dimbwi la viboko si safi tena hata kama unaona mpaka chini. Kwa hiyo maji ya kupeleka kwa watu unayakinga kwenye mwamba kabla hayajakaa wazi, halafu yanawekwa dawa, kwa sababu kwenye kilomita zote zile za bomba uchafu wowote waweza kuingia.

Huko chini ya ardhi kinachoyasafisha ni nini?

Ni udongo, muda na giza. Udongo wa juu ndio unaofanya kazi kubwa, mita za kwanza chache zina mchanga, mfinyanzi, mizizi na vijidudu visivyo na madhara ambavyo vinakula uchafu, vijidudu vya kinyesi vinang'ang'ania kwenye chembe za udongo au vinaliwa humo humo. Vile vinavyopenya vinafika mahali pasipo na chakula wala joto la mwili wa mtu au mnyama, siku zikipita vinakufa. Maji yakikaa chini miezi na miaka, vijidudu vya kuharisha vinakuwa vimeshakufa njiani.

Ila sio kila mwamba unachuja sawa. Mchanga na majivu ya volkano vinachuja vizuri kwa sababu maji yanapita polepole kwenye vitundu vidogo, kama tui linavyopita kwenye chujio. Mwamba wenye nyufa kubwa au mapango, kama mawe ya chokaa ya kule pwani, maji yanapita mbio mbio yanatoka upande wa pili na uchafu wake wote, choo kikiwa juu na kisima kiko chini basi unakunywa choo. Visima vingi vya Mombasa, Unguja na sehemu za Dar vina shida hii, kisima kina maji meupe kabisa na kipindupindu kimo.

Na hayo madini yanaingiaje?

Mvua yenyewe haina madini ya maana. Ikipita kwenye udongo inachukua hewa ya kaboni dioksaidi inayotolewa na mizizi, maji yanakuwa na uchachu kidogo, na uchachu ule ndio unaolamba mawe polepole. Mawe ya chokaa yanatoa kalsiamu, mengine yanatoa magnesiamu, ya volkano yanatoa silika, sodiamu na wakati mwingine floraidi. Kwa hiyo ladha ya maji ni ladha ya mawe yaliyopita, na ukibadilisha chanzo ladha inabadilika. Evian ya Ufaransa kwa mfano ni mvua na theluji ya Alps inayopita kwenye mchanga ulioachwa na barafu za zamani kwa zaidi ya miaka 15, inatoka na kalsiamu kama miligramu 80 kwa lita. Volvic inapita kwenye mawe ya volkano kule Auvergne, kalsiamu ni kidogo na silika ni nyingi.

Kwa hiyo maji ya chemchemi ni salama, naweza kukinga na kunywa?

Usifanye hivyo mpaka yapimwe. Yanayotoka jiweni mara nyingi hayana vijidudu lakini hujui yamepita kwenye mawe gani, na hapa kwetu kaskazini hili sio jambo la kufikirika. Zunguka mlima Meru, Maji ya Chai, Ngarenanyuki, mpaka sehemu za Arusha mjini, kuna chemchemi zina maji meupe, baridi, matamu, na zimejaa floraidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, huko kuna vyanzo vinapita 10. Mawe ya volkano ya huko yana floraidi nyingi na maji yake yana kalsiamu kidogo, kalsiamu ingekuwepo ya kutosha ingeikamata floraidi ikatulia chini, sasa kwa kuwa haipo inabaki imeyeyuka humo humo ndani ya maji.

Madhara yake unayaona usoni kwa watu. Meno ya kahawia yenye mistari na vishimo, na yanaharibika yakiwa bado ndani ya fizi, mtoto akiwa mdogo kabla hata hayajaota, kwa hiyo ukiyaona umeshachelewa na kupiga mswaki hakusaidii. Kiwango kikiwa kikubwa inaingia kwenye mifupa, miguu ya watoto inapinda, wazee mgongo unakakamaa. Halafu kuna magadi, wengi wanapikia maharage na makande kwa magadi ya huko huko, na magadi ya maeneo haya yana floraidi pia, yaani mtu anaipata kwenye maji na kwenye sufuria. Mama mwenye mtoto mdogo ukanda ule tunamuomba sana, tafuta maji ya mvua au ya bomba lililopimwa kwa ajili ya mtoto, na magadi uyaache.

Nikichemsha floraidi inaisha?

Haiishi, inaongezeka. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, kila lita inayobaki ina nyingi zaidi. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Vidonge vya kutibu maji navyo haviigusi. Kinachofanya kazi ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa inachomwa kwenye tanuri kwa hewa kidogo mpaka inakuwa myeusi, inasagwa punje punje, inajazwa kwenye ndoo au tenki na maji yanapitishwa humo, mfupa unaishika floraidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kilicho chini ya Wizara ya Maji kimefanya kazi hii miaka mingi. Mkaa ule unachoka, ukichoka maji yanapita bila kusafishwa na huoni tofauti yoyote kwa macho wala ulimi, kwa hiyo lazima uwe na ratiba ya kupima na kubadilisha.

Chanzo kinalindwaje kisichafuke?

Kuna kulinda pale maji yanapotokea na kuna kulinda kule yanapoingilia, watu wengi wanafanya la kwanza tu.

Pale yanapotokea kazi ni ya fundi. Unachimba kufuata jicho la chemchemi mpaka unakuta mwamba au tabaka linalotoa maji, nyuma unapanga mawe masafi na kokoto, mbele unajenga chemba ya zege yenye mfuniko mzito unaofungwa kwa kufuli. Bomba la kutolea unaliweka juu kidogo ya sakafu ya chemba ili tope libaki chini, bomba la maji yanayozidi unalifunga wavu mdomoni chura na nyoka wasiingie, na kuna bomba la chini la kusafishia. Juu ya chemba unashindilia mfinyanzi ili maji ya mvua ya juu yasipenye. Halafu mita kadhaa upande wa mlimani unachimba mtaro wa kukinga maji yanayoporomoka, na uzio kuzuia ng'ombe. Ukienda kukagua angalia mfuniko kwanza, mifuniko mingi imevunjika pembeni na pale pale ndipo watu wanapoingiza kamba na ndoo, ndoo ile imetoka chini kwenye kinyesi cha mbuzi, basi kazi yote ya mwamba ya miaka 20 imepotea siku hiyo hiyo. Dalili nyingine ya kushika sana, maji yakibadilika rangi masaa machache baada ya mvua ujue hayo hayajakaa chini, kuna maji ya juu yanaingia mahali.

Kule yanapoingilia ndiko kugumu, kwa sababu ni mashamba na nyumba za watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na hizo mita 60 zinasaidia lakini hazitoshi kwa chanzo ambacho mvua yake inazama kilomita 10 juu. Mbolea ya chumvichumvi inazama na maji ikiwa naitreti, na naitreti haichujwi na udongo, inafika chini kama ilivyo. Dawa za kupulizia kahawa na nyanya nazo, mashimo ya vyoo, gereji zinazomwaga oili chafu. Ikishafika kwenye maji ya chini huwezi kuiosha, unasubiri miaka ile ile iliyochukua kuingia.

Mfano mzuri wa watu walioelewa hili uko Vittel, Ufaransa. Miaka ya 1980 naitreti ilianza kupanda kwenye chemchemi kwa sababu wafugaji wa juu walianza kulima mahindi ya kulishia ng'ombe na kuweka mbolea nyingi. Kampuni ya maji haikujenga mtambo, maana sheria ya maji ya madini haikubali kuyasafisha hivyo. Ilikaa na wafugaji miaka mingi pamoja na watafiti wa kilimo, wakakubaliana waache mahindi, warudi kwenye nyasi, samadi waiozeshe kwanza, dawa wasipulize, na kampuni ikawalipa kwa miaka kadhaa na kuwasaidia gharama. Eneo lenyewe ni kama hekta 5,100. Kwetu tunamwambia mkulima wa juu ahame au apigwe faini, hakuna anayemlipa kwa maji safi anayotuachia, na hapo tunakosea sana.

Tupande miti gani karibu na chemchemi?

Ya asili ya hapo hapo ulipo, mikuyu na mringaringa vinajulikana. Mikaratusi usipande karibu na chanzo, inakunywa maji mengi mno. Na kama kuna miti imejiotea yenyewe iache.

Maji ya madini na haya maji ya chupa ya dukani si kitu kimoja?

Sio kitu kimoja na hili linawachanganya karibu watu wote, mtu anaingia dukani anaomba "mineral" anapewa chupa yoyote. Kwa kanuni za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula, za tangu 1981, maji ya asili ya madini lazima yatoke chini ya ardhi kwenye chanzo kinachojulikana na kulindwa, madini yake yawe yale yale mwaka mzima, yajazwe chupani karibu na chanzo, na yasiwekwe klorini wala dawa yoyote ya kuua vijidudu. Unaruhusiwa kutoa vitu kama chuma na manganizi kwa kuyapitisha hewani na kuyachuja, na kuongeza au kupunguza gesi, basi.

Maji mengi ya chupa hapa kwetu ni maji ya kunywa yaliyosafishwa. Chanzo kinaweza kuwa kisima kirefu au bomba la mamlaka, yanapita kwenye mchanga, mkaa, mashine ya RO inayotoa karibu madini yote, mwanga wa UV, ozoni, na wengine wanarudisha madini kidogo kwa ladha. Sio maji mabaya, yakifanywa kwa uangalifu ni salama sana, ila usafi wake umetoka kiwandani na ule mwingine umetoka ardhini. Afrika Mashariki tuna viwango viwili tofauti, EAS 13 ni ya maji ya asili ya madini na EAS 153 ni ya maji ya kunywa yaliyofungashwa. Angalia namba hiyo kwenye lebo.

Nikiangalia lebo nisome nini kingine?

Jina la chanzo na mahali kilipo, kama hakuna chanzo hayo sio ya madini. Floraidi, kwa Codex ikizidi miligramu 1.5 lazima waandike kwamba hayafai kwa watoto wachanga na walio chini ya miaka 7. Sodiamu kama una presha. Jumla ya madini, Ulaya chini ya miligramu 500 kwa lita wanayaita yenye madini kidogo na juu ya 1,500 yenye madini mengi. Alama ya TBS au KEBS, tarehe, na kizibo kama pete yake haijakatika, chupa za kuokota zinajazwa maji ya bomba na kuuzwa stendi.

Huko Ulaya basi wanafuata kikamilifu?

Sio wote. Mwaka 2024 Nestlé Waters walikiri kwamba baadhi ya maji yao ya madini Ufaransa yalikuwa yanapitishwa kwenye mwanga wa UV na mkaa, njia zisizoruhusiwa kwa maji yanayouzwa kwa jina hilo, na Vittel ni ya kampuni hiyo hiyo. Perrier mwaka 1990 walirudisha chupa dunia nzima baada ya benzini kukutwa ndani, vichujio vya gesi havikuwa vimebadilishwa kwa wakati. Ndio ujue hata chanzo kizuri kinaharibiwa na uzembe, na kwamba kupima kusiachiwe kampuni peke yake.

Chupa ikikaa juani maji yanaharibika?

Yanabadilika ladha, na joto linaongeza vitu vinavyotoka kwenye plastiki kuingia kwenye maji. Weka kivulini, mbali na mafuta ya taa, petroli na sabuni, maana plastiki ile inapitisha harufu. Kuhusu chembe za plastiki, utafiti wa Marekani uliotoka Januari 2024 ulikuta kwa wastani chembe kama 240,000 kwenye lita moja ya maji ya chupa, nyingi ndogo mno. Madhara yake kwa mwili bado yanachunguzwa. Ukiwa na bomba zuri nyumbani tumia bomba na chupa ya chuma. Na ukienda Mzima, tangu Juni 2020 Kenya hairuhusu chupa za plastiki za kutumia mara moja ndani ya hifadhi.

Nina chemchemi shambani kwangu, nataka kuanza kuuza maji. Nianzie wapi?

Kwanza jua kwamba shamba ni lako ila maji sio yako. Kwa sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 maji yote Tanzania Bara ni mali ya umma, unahitaji kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde lako, Kilimanjaro na Arusha upande wetu ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi iko Moshi. Usinunue mashine kabla ya kibali, kuna watu wana mashine zimekaa stoo.

Pili pima kabla ya kuota faida. Pima kiangazi na upime masika baada ya mvua kubwa, vijidudu, floraidi, naitreti, chuma, yote kwenye maabara inayotambulika. Chupa ya sampuli ya vijidudu iwe ya maabara, usiisuuze, iwekwe kwenye barafu na ifike siku hiyo hiyo. Pima pia wingi wa maji kwa ndoo na saa kila mwezi kwa mwaka mzima, uandike. Namba za masika na kiangazi zikipishana sana una maji ya juu yaliyojificha, hayo hutaweza kuyauza kama ya madini. Na kabla ya yote uliza majirani wa chini wanakunywa nini, kama ni chemchemi hiyo hiyo basi mgao wao uandikwe kwenye kibali kabla ya wako.